Nani Akutane na Nani? Hisabati ya Kupanga Ratiba ya Mashindano

Kila mwaka unapowadia msimu wa michezo ya shule za sekondari, walimu wa michezo katika wilaya zetu hukaa mezani wakiwa na karatasi tupu mbele yao. Wanayo majina ya timu, wanajua siku walizopewa, na wanajua pia fedha zilizopo kwa chakula na usafiri. Linalobaki ni swali moja linaloonekana dogo: nani akutane na nani, na lini?

Nilisoma sekondari wilayani Muleba katika miaka ya 1990. Mwaka mmoja shule yetu ilikuwa na timu nzuri ya kandanda, na mlinda mlango wetu, kijana aliyetoka katika visiwa vya Ziwa Viktoria vilivyomo wilayani humo, alikuwa hodari kupita wote niliopata kuwaona. Ratiba ya mtoano ilipobandikwa, tulikuta tumepangwa kukutana na bingwa wa mwaka uliotangulia katika mchezo wetu wa kwanza. Tulifungwa bao moja, tena dakika za mwisho. Siku chache baadaye bingwa yule yule alishinda fainali kwa mabao matano dhidi ya timu ambayo sisi tulikwisha kuifunga mara mbili katika michezo ya kirafiki. Walioteua wachezaji wa kwenda Bukoba walitazama nusu fainali na fainali tu. Mlinda mlango wetu hawakumwona.

Hakuna aliyetueleza ratiba ile ilipangwa kwa njia gani. Wengine walisema ni bahati mbaya, wengine walisema ratiba imepikwa. Kwa kuwa kanuni haikutangazwa, hakuna aliyeweza kuthibitisha neno lake. Tangu siku hiyo nimeamini jambo ambalo hisabati ilinithibitishia baadaye: matokeo ya mashindano hayatokani na nguvu ya timu peke yake, kwani ratiba nayo ina sehemu yake. Kwa hiyo haki ya mashindano huanza kabla ya filimbi ya kwanza.

NJIA MBILI KUU

Mkoa wa Kagera una halmashauri nane: Manispaa ya Bukoba, Bukoba Vijijini, Muleba, Missenyi, Karagwe, Kyerwa, Ngara na Biharamulo. Tuseme kila halmashauri imeleta timu moja mjini Bukoba, nasi tumepewa kazi ya kupanga ratiba.

Njia ya kwanza ni mtoano. Anayefungwa anarudi nyumbani. Je, tutahitaji michezo mingapi? Msomaji anaweza kuhesabu duru moja moja: minne, kisha miwili, kisha mmoja, jumla saba. Lakini ipo njia fupi zaidi. Kila mchezo huondoa timu moja. Ili abaki bingwa mmoja kati ya timu nane, lazima timu saba ziondolewe. Kwa hiyo michezo ni saba. Hoja hii hufaa kwa idadi yoyote: timu 11 huhitaji michezo 10, na timu 100 huhitaji michezo 99.

Njia ya pili ni ligi, ambapo kila timu hukutana na kila timu. Kila moja kati ya timu nane ina wapinzani saba. Nane mara saba ni 56, lakini hapo kila mchezo umehesabiwa mara mbili, kwa kila timu mara moja. Kwa hiyo michezo ni 28. Kwa hesabu hiyo hiyo, ligi ya timu 16, kama Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilivyokuwa kuanzia msimu wa 2021/22, ina jozi 120. Na kwa kuwa kila jozi hukutana mara mbili, nyumbani na ugenini, michezo yote ni 240.

Kuzipanga jozi 28 ili kila timu icheze mara moja tu katika kila duru kwaweza kumchosha mwalimu usiku kucha asipojua mbinu. Mbinu yenyewe ni hii. Andika namba za timu katika mistari miwili:

1  2  3  4
8  7  6  5

Kila namba ikutane na iliyo chini yake: 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5. Hiyo ni duru ya kwanza. Kisha iache namba 1 mahali pake, na uzizungushe nyingine zote hatua moja kufuata mwendo wa mshale wa saa:

1  8  2  3
7  6  5  4

Hiyo ni duru ya pili. Ukiendelea hivyo mara saba, kila timu itakuwa imekutana na kila timu mara moja, bila kurudia wala kuruka. Idadi ya timu ikiwa namba witiri, ongeza timu ya kubuni. Atakayepangwa nayo siku hiyo apumzike.

BAHATI YA KURA

Mtoano ni nafuu: michezo 7 badala ya 28, siku tatu badala ya saba. Unafuu huo una gharama yake, nayo tunaweza kuipima.

Tuchukue kwamba timu zetu nane zinatofautiana nguvu, na kwamba siku zote timu yenye nguvu zaidi hushinda. Katika maisha ya kweli si hivyo, lakini dhana hii inatuwezesha kuitazama kazi ya ratiba peke yake. Katika ligi, timu bora itakuwa ya kwanza na timu ya pili kwa ubora itakuwa ya pili. Je, katika mtoano uliopangwa kwa kura itakuwaje?

Timu bora itakuwa bingwa bila shaka. Sasa itazame timu ya pili kwa ubora. Baada ya timu bora kupata nafasi yake katika ratiba, zimebaki nafasi saba. Moja kati ya hizo ni ya kukutana na timu bora katika duru ya kwanza. Mbili ni za kukutana nayo katika nusu fainali. Nne zimo katika nusu ya pili ya ratiba, na ni hizo tu zinazoifikisha fainali. Kwa hiyo uwezekano wa timu ya pili kwa ubora kufika fainali ni 4/7, yaani karibu asilimia 57. Na uwezekano wa kuondolewa siku ya kwanza kabisa ni 1/7, yaani zaidi ya asilimia 14. Timu yetu ya Muleba huenda ilikuwa ndani ya sehemu hiyo moja kati ya saba.

Tuendelee mbele kidogo. Kuna uwezekano gani kwamba timu nne bora zote zitaingia nusu fainali? Ya kwanza ikae popote. Ya pili isikae mbele ya ya kwanza: nafasi 6 kati ya 7. Ya tatu ijiepushe na zote mbili: nafasi 4 kati ya 6. Ya nne ijiepushe na zote tatu: nafasi 2 kati ya 5. Ukizidisha sehemu hizi tatu unapata 48/210, ambayo ni 8/35, pungufu ya robo. Maana yake ni kwamba katika mashindano manne ya namna hii, takriban matatu yatapeleka nusu fainali angalau timu moja isiyostahili na kuacha nje angalau moja iliyostahili, hata kama kura ilipigwa kwa uaminifu mtupu.

Ndiyo maana waandaaji wengi huteua vinara. Timu bora na ya pili yake hutengwa, moja juu ya ratiba na nyingine chini, kisha nyingine ndizo zinazopigiwa kura. Hapo uwezekano wa timu hizo mbili kukutana fainali, chini ya dhana yetu, unapanda kutoka 4/7 hadi kufikia uhakika. Lakini msomaji asifurahi upesi mno. Nani atasema timu ipi ni bora? Tukitumia matokeo ya mwaka uliopita, shule kubwa ya mjini italindwa kila mwaka, na shule mpya ya kisiwani, ambayo haijawahi kushiriki, itapangwa na vigogo kila mwaka. Kura tupu huwatendea wote sawa lakini haiujali ubora; uteuzi wa vinara huujali ubora lakini huwapa wenye nacho. Hisabati haiwezi kutuchagulia kati ya mambo hayo mawili. Inaweza kutuonyesha bei ya kila moja.

MAKUNDI: MFANO WA TAIFA STARS

Kati ya mtoano na ligi ipo njia ya tatu, nayo ni makundi. Timu zetu nane zikigawanywa katika makundi mawili ya timu nne nne, kila kundi lina michezo 6. Pamoja na nusu fainali mbili na fainali, jumla ni michezo 15. Hakuna timu inayorudi nyumbani kwa kosa la siku moja.

Mfano ulio karibu nasi ni Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025 hadi Januari 2026. Timu 24 ziligawanywa katika makundi sita. Timu mbili za kwanza za kila kundi zilisonga mbele, na kuongezewa timu nne bora kati ya sita zilizoshika nafasi ya tatu, ili zipatikane 16. Tanzania ilikuwa kundi C. Ilifungwa na Nigeria 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Uganda, kisha sare ya 1–1 na Tunisia. Ilimaliza ya tatu kwa pointi mbili tu.

Angola nayo ilikuwa ya tatu katika kundi B kwa pointi mbili. Tofauti ya mabao ya timu zote mbili ilikuwa pungufu moja. Kanuni iliyoandikwa kabla ilisema: zikilingana hapo, itazamwe idadi ya mabao yaliyofungwa. Tanzania ilikuwa na matatu, Angola mawili. Hivyo ndivyo Taifa Stars walivyovuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia.

Basi ni nani aliyeamua kwamba wakutane na Morocco, wenyeji na washindi wa kundi A? Si mtu, bali jedwali. Timu nne kutoka makundi sita zinaweza kupatikana kwa njia 15, na kwa kila njia jedwali lilikwisha kutaja nani akutane na nani. Msingi wake ni huu: mshindi wa A hukutana na wa tatu wa C, D au E, mshindi wa B na wa tatu wa A, C au D, mshindi wa C na wa tatu wa A, B au F, mshindi wa D na wa tatu wa B, E au F. Lengo ni kwamba walioachana katika kundi wasikutane tena mara moja.

Mara hii waliovuka walikuwa wa tatu wa C, D, E na F. Mshindi wa C alibakiwa na F peke yake. Kwa kuwa F amekwisha kuchukuliwa, na B hayupo, mshindi wa D alibakiwa na E. Washindi wa A na B waligawana C na D, na hapo jedwali lilimpa mshindi wa A timu ya kundi C. Kwa hiyo Tanzania ilikutana na Morocco mjini Rabat tarehe 4 Januari 2026 na kufungwa 1–0. Tulihuzunika, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba ratiba ilipikwa. Mwanafunzi yeyote mwenye kalamu angeweza kuifikia mwenyewe.

Makundi yana hatari yake pia. Tarehe 25 Juni 1982, katika Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi na Austria zilikutana mjini Gijón, Hispania, siku moja baada ya Algeria kumaliza michezo yake. Timu zote mbili zilijua kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zote zitavuka na Algeria itatoka. Bao lilifungwa mapema, na baada ya hapo mpira ulipigwa huku na huku bila nia. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, michezo ya mwisho ya kila kundi huchezwa saa moja. Kosa halikuwa katika nani akutane na nani, bali katika lini.

TIMU NYINGI, SIKU CHACHE

Marekani wanao mchezo wao wa kandanda, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na timu za vyuo vikuu hufuatwa na mamilioni ya watu. Daraja la juu la vyuo hivyo lina timu zaidi ya 130. Ligi kamili ingehitaji michezo zaidi ya 8,300, nayo haiwezekani, kwani kila timu hucheza michezo 12 hivi kwa msimu. Basi mwishoni mwa msimu hufanyika michezo maalumu iitwayo ya “bakuli”, jina lililotokana na umbo la viwanja vikubwa kama kile cha Pasadena, California.

Kwa miongo mingi michezo hiyo ilipangwa kwa mikataba. Mchezo wa Rose Bowl, kwa mfano, tangu 1947 ulikutanisha bingwa wa vyuo vya eneo la kati na bingwa wa vyuo vya Pwani ya Pasifiki. Waandaaji wa michezo mingine walichagua timu kwa zamu, nao waliangalia pia ni timu gani ina mashabiki wengi watakaonunua tiketi na kujaza hoteli. Mara nyingi timu mbili bora hazikukutana kabisa, na bingwa wa taifa alipatikana kwa kura za waandishi wa habari na makocha.

Mwaka 1998 uliingia mfumo uliochanganya kura za watu na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali. Kuanzia msimu wa 2014 kazi ilikabidhiwa kamati ya watu 13, iliyochagua timu nne. Mwaka 2023 kamati hiyo iliiacha nje timu ya Florida State, ambayo ilikuwa imeshinda michezo yote 13, na kuichukua Alabama iliyokuwa imefungwa mmoja. Sababu mojawapo ilikuwa kuumia kwa mchezaji mkuu wa Florida State. Malalamiko yalikuwa makubwa. Msimu uliofuata idadi ilipanda hadi timu 12, uamuzi uliokuwa umekwisha kupitishwa kabla.

Tunajifunza nini? Kwamba pasipo michezo ya kutosha kuzilinganisha timu, hukumu ya binadamu huingia, na hukumu hiyo yaweza kuwa na busara lakini haiwezi kukaguliwa kama jedwali linavyokaguliwa.

NYUMBANI NA UGENINI

Wapenzi wa Kagera Sugar, timu iliyocheza Ligi Kuu katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, wamezoea kulalamika timu yao inaposafiri mara mbili mfululizo. Safari ya kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara inazidi kilomita 1,300, na lalamiko lao si la bure. Lakini je, mpangaji angeweza kuzipa timu zote zamu kamili ya nyumbani, ugenini, nyumbani, ugenini?

Hawezi, na uthibitisho wake ni mfupi. Zamu kamili ni za aina mbili tu: inayoanza nyumbani na inayoanza ugenini. Timu mbili zenye zamu ya aina moja huwa nyumbani siku zile zile na ugenini siku zile zile, kwa hiyo haziwezi kukutana kamwe. Basi kila aina inaweza kupewa timu moja tu. Katika ligi ya timu 16, angalau timu 14 lazima zivunjiwe zamu yao walau mara moja katika kila mzunguko. Mpangaji hawezi kuliondoa tatizo hilo. Anachoweza ni kuligawa kwa usawa.

KURA YENYEWE

Hata tukikubaliana kupiga kura, kura nayo ina sayansi yake. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilipiga kura ya kuchagua vijana wa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa ziliwekwa katika vidonge, vidonge vikatiwa katika chombo cha kioo na kutolewa kimoja kimoja. Wataalamu wa takwimu walipochunguza matokeo, walikuta vijana waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walitokea mapema kupita kiasi. Vidonge vilitiwa kwa kufuata mfuatano wa miezi, kisha havikuchanganywa vya kutosha. Hapo lililokuwa hatarini lilikuwa uhai wa watu.

Vipande vyetu vya karatasi vilivyomo ndani ya kofia vyaweza kutenda kosa lile lile. Vikatwe sawa, vikunjwe sawa, na vikorogwe kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani inatosha.

MASHAURI KWA MWALIMU WA MICHEZO

Kwanza, andika kanuni ya kupanga ratiba, pamoja na ya kutenganisha timu zinazolingana pointi, kisha uibandike kabla ya kura. Pili, piga kura mbele ya wawakilishi wa timu zote. Mtoto wa kidato cha kwanza achukue karatasi. Tatu, ukiteua vinara, taja kipimo ulichotumia. Nne, siku na fedha zikiruhusu, tumia makundi badala ya mtoano mtupu. Tano, kama mashindano ni ya kuteua wachezaji wa wilaya au mkoa, wateuzi waitazame duru ya kwanza yote, kwani huko ndiko wanakopotelea vijana waliokutana na bingwa mapema.

Lile la tano halihitaji hesabu yoyote, nalo ndilo ambalo lingetosha kwa mlinda mlango wetu wa Muleba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Timu 11 zinaingia katika mtoano. Ni timu ngapi zipumzishwe duru ya kwanza ili duru ya pili iwe na timu nane?

2. Katika mtoano wa timu 16 uliopangwa kwa kura, onyesha kwamba timu mbili bora zina uwezekano wa 8/15 wa kukutana fainali, ukitumia dhana ya makala haya.

3. Tumia mbinu ya kuzungusha namba kupanga ligi ya timu sita. Hakikisha kwamba jozi zote 15 zimetokea.

4. Kama timu za tatu zilizovuka zingekuwa za makundi A, B, C na D, washindi wa makundi C na D wangekutana na nani?